Nguzo za Chaji za Léopoldville

Siku hizi ukitaja basi la umeme barani Afrika, watu hufikiria Nairobi na mabasi ya BasiGo yaliyoanza kuonekana barabarani mwaka 2022, au Dakar, ambako tangu 2024 mabasi marefu ya umeme yanapita kwenye njia zao maalumu. Yanazungumzwa kana kwamba bara hili linaonja kitu hiki kwa mara ya kwanza. Kumbe katikati ya miaka ya 1950 Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, ilikuwa na mabasi 12 ya umeme kwenye njia nne, na nguzo za kuyachaji zilisimikwa takriban kila kilomita mbili. Hayakuwa na nyaya juu wala betri tumboni.

Sasa yalitembeaje? Kwa gurudumu. Chini ya sakafu ya basi lilifungwa gurudumu zito la chuma, lile ambalo mafundi wetu wa gereji wanaliita flaiwili, ila hili lilikuwa na upana wa mita 1.6 na lilizunguka mara 3,000 kwa dakika. Lilifungiwa ndani ya chombo chenye hidrojeni ili lisipambane sana na hewa. Basi likifika kituoni, mikono mitatu iliinuka kutoka kwenye paa na kugusa nguzo, umeme ukaingia kwenye mota, mota ikaongeza kasi ya gurudumu. Sekunde 30, pengine dakika tatu, kisha mikono ikakunjwa. Baada ya hapo ile mota ikageuka jenereta: gurudumu likaizungusha, nayo ikazalisha umeme wa kuendesha basi. Kwenye barabara tambarare ungeweza kwenda kama kilomita 6 kabla ya kuhitaji nguzo nyingine. Abiria anapanda, anashuka, na gari linakula palepale.

Wazo hili lilitoka Uswisi, kwenye kiwanda cha Oerlikon, na mhandisi anayetajwa nalo ni Bjarne Storsand. Mji wa kwanza kulitumia ulikuwa Yverdon, mwaka 1953, kwa mabasi mawili tu. Hoja yake ilikuwa ya pesa. Basi la umeme la kawaida la enzi hizo lilihitaji nyaya za shaba juu ya barabara nzima, hata pale abiria ni wachache. Weka nguzo chache badala ya kilomita nyingi za waya, umeokoa shaba. (Cheka kidogo hapa: koloni lililochimba shaba ya Katanga kwa wingi namna ile ndilo lililouziwa basi la kuokoa shaba.)

Mabasi ya Léopoldville ndiyo yalikuwa makubwa kuliko yote ya aina yake. Urefu wa mita 10.4, abiria hadi 90, mwendo hadi kilomita 60 kwa saa. Na mji wenyewe uliyahitaji kwelikweli. Léopoldville ilikuwa imegawanywa: Wazungu upande wao, Waafrika kwenye mitaa yao iliyoitwa cité, na sheria ya kuwazuia Waafrika wasionekane usiku kwenye mitaa ya Wazungu. Asubuhi maelfu walivuka kwenda kazini, jioni maelfu walilazimika kurudi. Kwa hiyo usafiri hapa haukuwa starehe. Kuchelewa kwa basi kungeweza kumfanya mtu akutane na polisi.

Yalidumu miaka michache tu. Katikati ya 1959 yakaondolewa, mengine yakaachwa tu, dizeli ikachukua nafasi.

Kwa nini yalishindwa? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana sababu inayorudiwa mara kwa mara ni hii: madereva. Ati walikuwa wanapita njia za mkato zisizo na lami, mvua ikinyesha zinageuka tope, na basi la tani karibu 11 linaumia. Zinatajwa pia beringi za gurudumu zilizovunjika, na unyevu wa hewa uliozidisha mzigo kwenye mota. Lakini ni tope na dereva wake ndivyo vinavyobaki kichwani mwa msomaji, kwa sababu ni picha, na picha hushinda takwimu.

Sibishi kwamba njia za mkato zilikuwepo. Nauliza tu kwa nini dereva azitafute. Mwili wa basi lako una akiba ya kilomita 6, na akiba hiyo inapungua hata ukiwa umesimama kwenye foleni, kwa sababu gurudumu linapoteza kasi lenyewe. Una watu 90 ndani. Nguzo inayofuata iko mbele, na huwezi kuletewa umeme kwa dumu kama mafuta. Mimi naona hesabu ya kawaida kabisa hapo: njia fupi ni mizunguko iliyookolewa.

Halafu tuangalie Ubelgiji kwenyewe. Mji wa Gent ulianza kutumia mabasi matatu ya namna hii mwaka 1956, kwenda Merelbeke. Huko hakukuwa na tope la Kongo wala dereva wa Kongo. Yakafungwa tarehe 24 Novemba 1959, mwaka uleule. Yverdon nako yakafungwa 1960. Miji mitatu, hali ya hewa tofauti, madereva tofauti, mwisho mmoja.

Kilichoyaua ni ulaji wa umeme. Léopoldville kila basi lilimaliza takriban uniti 3.4 kwa kilomita moja, na Gent uniti 2.9. Basi la betri la leo hutumia kama uniti moja hadi moja na nusu. Yaani unalipia kulizungusha gurudumu, unalipia msuguano wake, na unalipia tena uzito wake kila basi linapoondoka kituoni. Hesabu hiyo ilikuwa mezani kwa wahandisi wa Zürich kabla dereva yeyote hajakanyaga tope.

Ule mwaka 1959 ulianza na ghasia za Januari mjini Léopoldville, na Juni 30, 1960 nchi ikawa huru. Katika mambo makubwa ya namna hiyo, nani angekumbuka nguzo za chaji?

Kiwanda kilikumbuka, kwa namna yake. Oerlikon ilichukuliwa na Brown Boveri mwaka 1967, na Brown Boveri ikawa sehemu ya ABB mwaka 1988. Ni ABB hiyohiyo iliyotengeneza mfumo wa basi la umeme unaotumika Geneva: basi linafika kituoni, mkono unainuka kutoka kwenye paa, unagusa kilichopo juu, na ndani ya sekunde zisizozidi 20 linapata chaji ya kuendelea. Betri imechukua nafasi ya gurudumu, lakini kituo kinafanya kazi ileile.

Nairobi imechagua njia nyingine, mabasi kulala kwenye depo na kuchajiwa usiku, wakati wateja wengine wa umeme wamelala. Kwa mji wenye foleni kama ile nadhani ni busara zaidi, kwani dereva anatoka asubuhi na siku yake nzima tumboni, halazimiki kupiga hesabu ya nguzo.

Basi moja la gurudumu limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho huko Antwerp. Ni mojawapo ya yale matatu ya Gent.