Mfongo Ukikosa Wenyewe

Msomaji, unaweza kuwa umesimama Himo, jua linawaka, hakuna hata tone la mvua, mara ukasikia mto unanguruma na maji yamegeuka matope matupu. Usishangae. Mvua imenyesha huko juu, Kilema na msituni. Wewe wa bondeni unaletewa deni tu: shamba limesombwa, kivuko hakipitiki, mbuzi hawaonekani.

Watu husema, "Ah, kazi ya Mungu." Sawa, mvua ni ya Mungu. Kule msituni, kusini mwa mlima, inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini haifiki nusu yake. Lakini mvua hiyo haikuanza jana. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki, alikuta watu wanaishi kwenye miteremko hiyo hiyo. Waliwezaje?

Waliweza kwa kihamba na mfongo. Kihambani mvua haipigi ardhi moja kwa moja. Inapokelewa na miti mirefu kama mringaringa, kisha migomba, kisha majani makavu. Ikifika kwenye udongo imekwisha kuchoka. Hata kahawa, iliyoletwa na mapadri wa misheni ya Kilema iliyofunguliwa mwaka 1890, iliingia chini ya migomba bila ugomvi. Mfongo nao ulikuwa na wenyewe. Siku ya kazi watu walitoka na majembe, na asiyetoka alitozwa. Kingo zilizibwa kabla ya masika.

Basi nini kilitokea? Tulizidi kuwa wengi. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama 650,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msituni, ukakatwa ovyo. Mwaka 1989 mapatano ya kahawa ya dunia yalivunjika, bei ikaporomoka. Mzee afanye nini? Mringaringa ukawa mbao, mbao zikawa ada ya shule.

Hapo ndipo kisa kinapotugusa. Ada hiyo ndiyo iliyotusomesha sisi. Tukasoma, tukashuka Moshi, tukaenda Dar, na mfongo ukabaki bila mikono. Mfongo ulioachwa haulali. Ukingo ukibomoka, maji yaliyokuwa yakitembea taratibu ubavuni mwa kilima yanashuka wima, yanachimba korongo katikati ya kihamba cha mtu.

Simlaumu mzee aliyekata mti. Nasema tu kwamba kila Desemba tunapanda mabasi, tunarudi nyumbani, tunakula nyama, tunapiga soga, na Januari tumeshaondoka. Hakuna aliyeshika jembe hata siku moja. Machi mvua inaanza, na huko juu wazee wamebaki peke yao na maji.