Mahusiano ya umma: maana ya neno na matumizi yake

Mahusiano ya umma ni kazi ya kujenga na kutunza kuaminiana kati ya kundi (kampuni, shule, hospitali, ofisi ya serikali, kanisa) na watu wote wanaoguswa na kazi yake. Kazi hiyo ina pande mbili: kusema na kusikiliza.

Tusilichanganye neno hili na mengine. Tangazo la biashara hulipiwa ili kitu kinunuliwe. Protokoli hupokea wageni na kuwaonyesha viti. Mahusiano ya umma huwajibu watu wanaouliza: je, tuwaamini ninyi?

Katika Marekani, mmoja wa walioanzisha kazi hii ni Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1906 treni ilianguka majini karibu na Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Lee aliishauri kampuni ya reli isifiche neno, akawapa waandishi habari kwa maandishi. Lakini mwaka 1914, baada ya wachimba makaa na jamaa zao kuuawa Ludlow, Colorado, Lee huyo huyo alisambaza karatasi za kuwatetea wenye mgodi, na ndani yake kulikuwa na mambo yasiyo kweli. Chombo kilikuwa kile kile. Kilichokosekana ni ukweli.

Ndiyo sababu mitaani mtu husema, “Hayo ni mahusiano ya umma tu,” akimaanisha maneno matamu yasiyo na matendo.

Sisi wa mashariki tulijifunza hili wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mahali pengi watu waliona magari na wageni kabla ya kusikia maelezo, na uvumi ukatangulia. Wauguzi, machifu, wachungaji na wamama wa mtaa walipoketi na watu, wakajibu maswali kwa lugha ya nyumbani, milango mingi ilifunguka.

Basi hata katika parokia zetu, fedha za ujenzi zikipungua, mtunza hazina asingoje uvumi. Asimame Jumapili, ataje kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha akubali kuulizwa. Hayo ndiyo mahusiano ya umma.