Bunduki moja ya visahani na ndege: tazama kwanza inavyokukaa

Tangu nitaje kwenye safu hii kwamba nilipokuwa masomoni Uingereza nilikuwa nikienda kulenga visahani vya udongo, jamaa zetu walioko huko hawanipi nafasi. Swali lao ni moja: ninunue bunduki gani ya marisau, inifae kwa visahani na kwa ndege? Pesa za bunduki mbili hawana. Na huko bila cheti cha polisi huuziwi hata moja, kwa hivyo hilo la cheti limalize kabla ya kuingia dukani.

Nduzangu, anzeni na mwili wenu, jina la kiwanda baadaye. Bunduki ya marisau hailengwi kama raifeli. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, na kitako ndicho kinachoamua jicho likae wapi. Kitako kisichokufaa kitakufanya upige juu ya kisahani mchana kutwa huku ukilaumu risasi. Hakikisha bunduki haina kitu ndani, ielekeze pahali salama, fumba macho, iinue mpaka shavuni, kisha fumbua. Jicho likiwa katikati ya mtutu, juu yake kidogo tu, endelea. Likiwa pembeni, iwache, hata ikiwa ni Beretta au Browning. Wanaotumia mkono wa kushoto waulize mapema, kwani vitako vingi vimepindwa kwa wa kulia.

Kwa kazi zote mbili mimi nasema geji 12, yenye mitutu miwili iliyopandana. Ile inayojijaza yenyewe hupiga teke dogo, ni kweli, lakini iliyokunjwa katikati kila mtu uwanjani anaona kwamba haina hatari. Uzito ndipo penye mvutano. Ya visahani hufika kilo 3.5 na zaidi, kwa sababu uzito humeza teke na mkono hautetereki. Anayetembea kutwa akitafuta ndege angependa kilo 3. Chukua ya katikati, mitutu ya inchi 28 au 30, yenye choki za kubadilisha, yaani vile vipande vya mdomoni vinavyobana marisau. Choki ya robo kwa karibu, ya nusu kwa mbali, yatosha.

Kuna jambo wanunuzi wa bunduki kuukuu husahau. England imekataza marisau ya madini ya risasi kwa bata na mabata bukini wa mwituni tangu 1999, na wengi sasa hutumia ya chuma. Chuma ni kigumu. Mitutu ya zamani iliyobana sana yaweza kuharibika, basi muoneshe fundi mihuri ya majaribio iliyopigwa kwenye mitutu kabla hujalipa.

Sasa la halali. Vitabu vya kale vya fiqhi vinakataza ndege aliyeuliwa kwa bunduq, na wako wanaotishika wakisoma hapo. Bunduq ya wakati huo ni kidonge cha udongo, kinachoua kwa kuponda pasi na kutoboa, na neno letu bunduki limetoka huko huko. Wanavyuoni wengi wa sasa wanaruhusu risasi inayotoboa, mradi umepiga Bismillahi kabla ya kufyatua. Wengine wanasita kwa marisau, kwa hivyo muulize sheikh wako. Lakini ndege akianguka yu hai, lazima achinjwe, basi kisu kiwe kiunoni. Kuua kwa mchezo bila kula, hilo dini yetu hailipendi.

Walioko hapa Kenya wabaki na visahani, maana uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku 1977. Mwenye hamu ya kanga na kwale avuke Tanzania, akate kibali, na aulize mpakani karatasi za bunduki kabla ya safari.