Charley Pride: mwimbaji mweusi wa kantri mwenye radio ilimufungulia mlango

Mwaka 1966, maradio ya Marekani yalianza kupiga wimbo wa mwimbaji mupya. Jina ku diski lilikuwa Country Charley Pride. Sauti ilikuwa nzito na safi, sauti ya mtu wa kijijini. Lakini kuko kitu wasikilizaji hawakujua: huyu mwimbaji alikuwa mtu mweusi. Kampuni yake, RCA, ilituma diski za kwanza ku maradio bila picha, juu wakati ule kantri ilihesabiwa kuwa muziki wa Wazungu.

Kantri ni muziki gani?

Njo muziki wa vijiji vya kusini mwa Marekani, wenye magitare, violoni na banjo. Ndani yake utasikia mambo ya mapendo, kazi ngumu, safari na imani. Kusema kweli, haukuwa wa Wazungu peke yao. Banjo yenyewe ilitokana na vyombo vyenye Waafrika waliopelekwa utumwani walikuwa wanatengeneza kule.

Mtoto wa shamba la pamba

Charley Frank Pride alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 kule Sledge, jimbo la Mississippi. Kwao walikuwa watoto 11. Wazazi wake walilima pamba kwa udongo wa mtu mwingine, na mavuno waligawana na mwenye shamba. Watoto nao waliingia shambani kuvuna. Siku ya posho jioni, papa yake alifungulaka radio kusikiliza Grand Ole Opry, kipindi cha kantri chenye kutoka Nashville. Hapo ku radio njo Charley alijifunza kuimba, kwa kuiga wale alisikia. Akiwa na miaka 14 alipata gitare, akajifundisha mwenyewe.

Mpira njo ulitangulia

Ndoto yake ya kwanza haikuwa muziki. Alitaka kuwa mchezaji mukubwa wa beisiboli, ule mchezo wa kupiga kampira kadogo na fimbo. Alichezea Memphis Red Sox na timu zingine za ligi ya watu weusi. Mwenyewe alisimuliaka kwamba timu moja ilimuuza yeye na mwenzake mmoja, na bei yao ikawa bisi ya okazyo.

Mwaka 1956 alioa Rozene, na mwaka ule ule akaitwa jeshini. Kisha jeshi, alienda kutafuta maisha kaskazini, jimbo la Montana. Alipata kazi ya hatari kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini karibu na mji wa Helena. Timu ya kiwanda ilimulipa dola 10 kwa kucheza, na zingine 10 kwa kuimbia watu mbele ya mechi. Njo vile mpira na muziki vilianza kutembea pamoja.

Mlango wa Nashville

Waimbaji wawili wenye walipita Montana, Red Sovine na Red Foley, walimusikia na kumutia moyo aende Nashville. Mwaka 1965 Jack Clement alimurekodi. Chet Atkins, mpiga gitare mwenye jina na mkubwa ndani ya RCA, alipelekea wakubwa wenzake ile kanda. Waliachiwa wasikilize kwanza. Kisha njo waliambiwa kama mwenye sauti ni mtu mweusi. Walikubali kumuchukua.

Lakini picha haiwezi kufichwa siku zote. Mwaka 1966, kule Detroit, watu karibu 10.000 walikuwa wanapiga makofi wakati jina lake lilitajwa. Vile alitokea, makofi yalikatika. Pride hakukasirika. Aliwachekesha juu ya rangi yake, akisema amechomwa na jua mpaka rangi haitoki tena, kisha akaanza kuimba. Wakamupigia makofi tena. Januari 1967 aliimba ndani ya Grand Ole Opry, kile kipindi cha papa yake. Mweusi mwenye kujulikana pale mbele yake alikuwa DeFord Bailey, mpiga harmonika, mwenye aliondoka mwaka 1941.

Kufika juu

Kati ya 1969 na 1983 nyimbo zake 29 zilifika namba moja ku orodha ya kantri. Wenye kujulikana zaidi, Kiss an Angel Good Mornin', ulitoka mwaka 1971. Mwaka huo huo chama cha muziki wa kantri kilimupa tuzo ya msanii bora wa mwaka, mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka 1976 alienda Belfast, Ireland ya Kaskazini, wakati wa mabombu na mauaji, wakati wasanii wengi wa nje walikuwa wanaogopa kufika. Wakatoliki na Waprotestanti walikaa kumusikiliza ndani ya jumba moja. Wimbo wake Crystal Chandeliers ulipendwa pande zote mbili, na watu wa kule hawakumusahau.

Si wote walimuelewa. Kuko weusi wenye walimuuliza sababu gani anaimba muziki wa Wazungu. Jibu lake lilikuwa fupi: yeye ni Mmarekani, na anaimba chenye kuwa ndani ya moyo wake. Ndani ya kitabu chake cha mwaka 1994 alisema wazi pia kama alipigana miaka mingi na ugonjwa wa akili. Kwa mtu mwenye jina kama lake, kusema vile hakukuwa kazi ndogo.

Mwaka 2000 aliingizwa ndani ya nyumba ya heshima ya kantri kule Nashville, mweusi wa kwanza. Tarehe 11 Novemba 2020 aliimba mara ya mwisho mbele ya watu, siku alipewa tuzo ya kazi ya maisha yake yote. Mwezi moja kisha, tarehe 12 Desemba, alikufa Dallas juu ya Covid-19. Alikuwa na miaka 86. Wengi wa wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kumupenda mbele ya kuona sura yake.