Wasomaji wa Buganda: Vijana Walioachiwa Kanisa

Kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji kutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo hukusanyika Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Wengi hufika kwa miguu baada ya safari ya siku nyingi. Mahubiri ya siku hiyo, kama ilivyo haki, hukaa sana kwenye moto, kuni na ujasiri wa vijana waliokubali kufa kuliko kumkana Kristo.

Lakini kuna swali ambalo haliulizwi mara nyingi. Moto wa Namugongo uliwashwa mwaka 1886. Wamisionari wa kwanza walifika Buganda mwaka 1877. Ni nini kilichofanyika katika muda huo wa miaka tisa, hata mvulana wa miaka takriban 14 kama Kizito akawa na imani ya kusimama mbele ya mfalme? Vijana hawa hawakuwa na jengo la vijana, bajeti wala mratibu wa jimbo. Sisi tunaokaa kwenye vikao kila Januari kupanga kalenda ya vijana, tukiandika kambi, kongamano, mkesha na tamasha la kwaya, tuna la kujifunza kutoka katika miaka hiyo tisa kuliko kutoka katika siku moja ya kifo.

Imani iliyoingia kwa kusoma

Neno lilitangulia wamisionari. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipopita katika kasri la Kabaka Mutesa, alimwacha huko kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya UMCA Zanzibar, ili amsomee mfalme Maandiko. Alisoma kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilikuwa imekwisha kufika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, ambao pia walileta Uislamu na desturi ya kusoma Kurani. Si haki kusahau kwamba kabla ya Wakristo, vijana Waislamu wa kasri hilo hilo waliuawa kwa amri ya Mutesa mwaka 1876 kwa sababu ya kuishika dini yao.

Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika tarehe 30 Juni 1877. Alexander Mackay, fundi mhandisi kutoka Uskoti, aliwasili mwaka uliofuata. Mapadre Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, walifika Februari 1879 wakiongozwa na Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Pande zote mbili zilikuta kasri limejaa vijana. Machifu wa kila eneo walipeleka watoto wao kumtumikia Kabaka, wakalelewa pamoja na kufundishwa utii, adabu na siri za utawala. Walikuwa wepesi wa kujifunza na wenye kiu ya maarifa.

Mackay alichonga herufi za mbao kwa mkono wake, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Karakana yake pale Natete ikawa darasa. Vijana walikuja kuangalia chuma kikifuliwa na mbao zikirandwa, wakashika vifaa, wakafanya kazi, na katikati ya kazi hiyo wakasoma. Kabla ya Injili kupatikana kwa Kiganda, walitumia tafsiri za Kiswahili zilizoandaliwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Ndiyo maana Waganda waliwaita watu wa dini mpya *abasomi*, yaani wasomaji. Hata leo kwa Kiganda neno *okusoma* hubeba maana ya kusoma kitabu na pia ya kwenda kusali.

Upande wa Katoliki, Kardinali Lavigerie aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupita kipindi cha mafundisho cha miaka minne. Wamisionari wengine waliona agizo hilo ni gumu mno. Lakini lilikuwa na matunda. Kijana aliyesubiri miaka minne alijua anachokiomba. Alikuwa amekwisha kuulizwa maswali na ndugu zake, amedhihakiwa na wenzake, na amejifunza kusali bila kusimamiwa.

Miaka karibu mitatu bila padre

Novemba 1882, kwa kuona hali ya kasri imekuwa ya hatari, White Fathers waliondoka Buganda wakaenda kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885, baada ya Mutesa kufa na mwanawe Mwanga kushika kiti. Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na Misa wala padre wa kuungamia.

Kwa hesabu za kawaida, kanisa lile changa lingekufa. Waliobatizwa walikuwa wachache. Lakini mapadre waliporudi walikuta wasomaji wameongezeka. Ndani ya kasri, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyesimamia watumishi wa vyumba vya mfalme, alikuwa amewakusanya vijana chini yake, akiwafundisha sala na kuwaonya kuhusu maovu ya kasri. Nje ya kasri, Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma za mfalme, alifundisha nyumbani kwake. Huko Mityana, Matia Kalemba na Luka Banabakintu, pamoja na mfinyanzi Nowa Mawaggali, walilea jumuiya nzima. Mapadre walipokuwapo, watu wa Mityana walitembea zaidi ya kilomita 60 kwenda kupata sakramenti, kisha wakarudi kuwafundisha waliobaki.

Tutambue jambo hapa. Vijana wa kasri hawakuachwa peke yao. Matia alikuwa mtu mzima mwenye cheo, na Kaggwa alikuwa na familia. Vijana waliona kwa macho yao jinsi mume Mkristo anavyoishi na mkewe, jinsi chifu Mkristo anavyowatendea watu wake. Ila watu wazima hawa hawakuifanya kazi yote wenyewe. Waliwafundisha vijana, na vijana wakafundisha vijana.

Aliyefundisha alikuwa na wa kumfundisha

Waanglikana walionja mateso kwanza. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Mackay waliuawa: Marko Kakumba, Nuhu Sserwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto. Mackay hakufunga milango. Mwaka huo huo Waanglikana waliunda baraza la wazee Waganda ili kanisa liendelee hata wamisionari wakifukuzwa. Watu wakazidi kuja usiku kuomba ubatizo.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, aliyeogopa kwamba Wazungu wanaoingia kutoka mashariki wangemnyang'anya nchi. Yosefu Mukasa alimkemea mfalme kwa kumwaga damu ya mgeni. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, kijana aliyekuwa akisimamia watumishi wengine wa kasri, alibatizwa, akachukua nafasi ya Mukasa kuwa mlezi wa vijana Wakristo. Kiongozi alianguka asubuhi, na kabla ya jua kuzama mrithi wake alikuwa kazini. Jambo hilo haliwezekani mahali ambapo kiongozi mmoja ndiye mwenye funguo zote.

Kazi ya Lwanga haikuwa nyepesi. Mwanga alidai kwa vijana mambo machafu ambayo Wakristo walikataa kuyatenda. Lwanga aliwalinda wadogo, akahakikisha hawapatikani mfalme alipowatafuta kwa nia mbaya, na aliendelea kuwafundisha kwa siri.

Tarehe 25 Mei 1886, kule Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda, akauliza vijana wake wako wapi. Aligundua kwamba mmoja wao, Mwafu, mtoto wa waziri mkuu, alikuwa na Dionisi Ssebuggwawo, kijana wa miaka takriban 16. Walikuwa wakifanya nini? Dionisi alikuwa akimfundisha Mwafu dini. Mfalme alimchoma Dionisi kwa mkuki, na baadaye akamaliziwa na wauaji. Hicho ndicho kilichowasha moto wa Namugongo: kijana mmoja kumfundisha mwenzake katekisimu mchana wa siku ya kazi.

Usiku ule Lwanga aliwabatiza vijana wanne waliokuwa bado wakisubiri: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Hapakuwa na muda wa kumwita padre. Lwanga alijua la kufanya kwa sababu alikuwa amefundishwa, na alijua nani yuko tayari kwa sababu alikuwa akiwafahamu mmoja mmoja. Kesho yake mfalme aliwaita watumishi wote, akawatenga wanaosali. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa Namugongo. Mashahidi 22 Wakatoliki wa miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mwaka 1969 alipokuja Uganda aliwaheshimu pia mashahidi Waanglikana.

Kilichokosekana

Historia ya kweli haiishii kwenye sifa. Januari 1892, ndani ya miaka sita tu, wasomaji waliosalia wa pande mbili walipigana kwa bunduki pale Mengo, Waprotestanti wakisaidiwa na Kapteni Lugard na silaha zake, Wakatoliki wakashindwa na kukimbia. Watu walioona ndugu zao wakichomwa katika moto mmoja waligeuziana mitutu ya bunduki kwa ajili ya vyeo na ardhi.

Wamisionari wana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa vijana wale waliwaona wakibishana mbele ya Mutesa, kila mmoja akiukana ukristo wa mwenzake. Vijana walijifunza vyema walichofundishwa, pamoja na dharau hiyo. Malezi yanayomfundisha kijana kuwa imara bila kumfundisha kumpenda jirani wa kanisa jingine, au wa msikiti ule wa ng'ambo ya barabara, yanaacha kazi nusu.

Hata hivyo mbegu haikufa. Waganda walipeleka Injili mbali kuliko wamisionari wengi. Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895, alifika hadi Mboga, katika Kongo ya leo, akafanya kazi huko hadi kifo chake mwaka 1933.

Tunapopanga kalenda ya vijana

Tukiisoma historia hii tukiwa na kalenda ya parokia mkononi, tunaona tofauti. Shughuli nyingi tunazopanga huwafanya vijana kuwa hadhira. Wanakaa, wanasikiliza mgeni rasmi, wanaimba, wanapewa soda, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Wakipewa kazi, mara nyingi ni kupanga viti na kuelekeza magari. Kipaimara nacho kimekuwa mahafali: kijana akishapakwa mafuta, darasa limekwisha na mwalimu wake hamuulizi tena.

Kambi na makongamano yana nafasi yake. Hata wasomaji wa Mityana walifunga safari ndefu ili wakutane na wenzao. Lakini walipofika nyumbani walikuwa na watu waliokuwa wakiwangojea wawafundishe. Basi halmashauri ikutanapo, kwa kila shughuli iulize: baada ya hapa, kila kijana atamfundisha nani? Kijana wa kidato cha tatu anaweza kukabidhiwa watoto watatu wa komunyo ya kwanza au wa shule ya Jumapili, akawajua kwa majina na kuwatembelea wanapokosa. Mwaka mmoja wa kazi hiyo utamlazimu kusoma kuliko semina kumi.

Kila kiongozi wa vijana, kuanzia mwenyekiti hadi mwalimu wa kwaya, awe na mwingine anayejifunza kazi pembeni yake. Kila kundi dogo liwe na mtu mzima mmoja au wawili ambao nyumba yao iko wazi kwa vijana, na ambao kanisa limewachunguza na kuwaamini, maana Lwanga anatukumbusha kwamba kuwalinda wadogo ni sehemu ya kuwalea katika imani. Na angalau mara moja kwa mwaka vijana wafanye kazi ya huruma pamoja na vijana wa kanisa jingine au dini nyingine, ili yale ya Mengo yasirudiwe kwa namna mpya.

Kuna kipimo kimoja ambacho historia ya Buganda inatuachia, na halmashauri inaweza kukitumia jioni moja tu ya kikao. Chukueni orodha ya shughuli zote za vijana za mwaka huu. Kisha mfikirie kwamba padre au mchungaji wenu ameondoka leo, na hatarudi kwa miaka mitatu. Fedha za jimbo hazitakuja, wala mgeni rasmi hatafika. Wekeni alama kwenye shughuli ambazo vijana wenyewe wataendelea kuzifanya. Kisha mwanze kupanga mwaka ujao kwa hizo zilizobaki.