Chapa za safari ya Ducouëdic

Chapa za safari ya Ducouëdic ni mkusanyo wa picha za litografia uliotolewa Paris baada ya brigi ya kivita ya Ufaransa, *Ducouëdic*, kuzunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848. Nahodha wake, Charles Guillain, alitumwa kuchunguza biashara ya pwani hiyo enzi za Sayyid Said wa Zanzibar. Alitia nanga pia Barawa, Merka na Mogadishu, akaingia bara hadi Geledi, karibu na mto Shabelle.

Safarini zilipigwa picha kwa dagerotipu, ufundi uliokuwa mchanga bado. Kila picha ilibaki moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, wala haikuweza kurudufiwa kwa urahisi. Ndiyo maana wachoraji wa Paris waliichora upya kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likaloweshwa maji, wino ukashika penye mafuta peke yake, karatasi ikagandamizwa. Mkono wa mchoraji wa Paris umo basi katika kila uso, na mtazamaji asilisahau hilo.

Kwa wakazi wa Liboi, wengi wao Wasomali, katika mji huo wa Garissa, Kenya, ulio mpakani mwa Somalia kwenye njia ya Dhobley na Kismayu, chapa hizi zina uzito wa pekee: ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za Wasomali zilizotokana na kamera. Zinastahili kuonyeshwa Garissa.