Asali, Maji na Chachu

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao katika nyanda za juu za Kigoma twaijua asali tangu utoto. Kutoka Kasanda hata Kibondo na Kasulu miombo huchanua, na mizinga hutundikwa mitini. Leo twapenda kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuigeuza asali kuwa kileo, kwa kuwa historia hiyo ndiyo mwalimu wa kwanza wa mtu atakaye kuanza kazi hii nyumbani.

Jambo hili ni la kale mno. Huko Jiahu, nchi ya China, wataalamu walichunguza vigae vya vyungu vya miaka 9,000 hivi iliyopita, wakaona mabaki ya kinywaji cha mchele, asali na matunda. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2004. Wahabeshi wana tej, ambayo hutiwa gesho. Wakikuyu wa Kenya hutia tunda la mwegea lililokaushwa. Kinywaji kikiisha kuiva, tunda hutolewa, huanikwa juani, na kuwekwa kwa safari nyingine.

Kwa nini litunzwe hivyo? Kwa sababu ndani yake hukaa chachu, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliiona chachu kwa hadubini mwaka 1680, asitambue kuwa ina uhai. Kati ya mwaka 1857 na 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alithibitisha kwamba chachu hai ndiyo ilayo sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni. Basi mzee aliyeanika tunda lake alikuwa akifuga kiumbe asichokijua jina.

Kutokana na hayo twapata kanuni za kazi. Asali mbivu haichachi, maana maji yake hayafiki sehemu 20 katika 100, na chachu haiwezi kukua humo. Kipimo 1 cha asali kikitiwa vipimo 4 vya maji, chachu hupata nafasi. Maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe hata yawe vuguvugu, kwani maji ya moto huiua. Chombo kioshwe sana, kifunikwe kwa kitambaa safi, wala kisizibwe kabisa. Hewa ikikosa njia, chombo hupasuka. Mapovu yakikoma, kinywaji kimiminwe taratibu katika chombo kingine, kwani kikiachwa wazi siku nyingi huwa siki. Nacho ni cha watu wazima, tena kwa kiasi.

Mashapo yanayobaki chini yasimwagwe yote, kwa kuwa ndiyo mbegu ya mara ya pili. Wazee waliitunza mbegu hiyo kwa maelfu ya miaka pasipo hadubini. Haifai sisi tuliosoma habari za hadubini tuwe ndio wa kuitupa.